Je, Wajua? Chumvi, Sukari na Uhai wa Mtoto

Mwaka 1971, kipindupindu kiliwavamia wakimbizi huko Bangaon, India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vikashuka sana. Siri iko kwenye utumbo: sukari huisaidia chumvi kupenya, na maji huifuata.

Ndiyo kazi ya ORS, pakiti ya chumvi na glukosi ambayo kila nyumba yenye mtoto ingepaswa kuwa nayo. Nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji salama (soma maelezo ya pakiti). Mnyweshe mtoto anayeharisha kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu. Usikatize kunyonyesha, na soda si mbadala.

Mtoto anayeharisha mchunguze mapema: macho yaliyodidimia, utosi uliobonyea, mdomo mkavu, kilio kisicho na machozi, mkojo haba. Finya ngozi ya tumbo, uiachie. Ikichelewa kurudi, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, nenda kituo cha afya sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane.