Mita Sita Kutoka Ukingoni

Katika nchi ya majani chai, ardhi haiachwi ikalala. Kuanzia Litein hadi Silibwet michai imeshonana kutoka kilele hadi bondeni, na pale chini palipo na majimaji, ambapo chai haitaki kukaa, mkulima hutia viazi, sukumawiki au mikalatusi, atakayoikata baadaye awauzie viwanda kuni za kukaushia chai. Kwa hiyo anayemwendea jirani yake na utepe wa kupimia, akamwambia auachie mto nafasi, asitarajie kukaribishwa kwa kibuyu cha maziwa ya mursik.

Wenye utepe huo ni wanachama wa vyama vya watumiaji wa maji, vinavyojulikana zaidi kwa ufupisho wa WRUA. Sheria ya Maji ya 2002 ilivitambua, na ile ya 2016 ikaviacha vilivyo. Huko Bomet mto Nyangores una chama chake, na Amala vilevile. Mito hiyo miwili hutoka Msitu wa Mau, na ikikutana ndipo unapopatikana mto Mara. Wanaoviendesha vyama hivi kwa kawaida ni wakulima wa hapohapo: asubuhi wako kwenye chai, mchana wako kwenye baraza la chifu wakieleza kwa nini ng'ombe wasishuke kunywa mtoni popote wapendapo. Mshahara hakuna.

Wanachodai kiliandikwa katika kanuni za maji za 2007. Ukingo unaolindwa ni sawa na upana wa mto wenyewe, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kila upande. Maneno hayo ni mepesi mpaka uyaweke shambani. Chukua ekari moja inayopakana na kijito kwa urefu wa mita 60. Mita 6 zinakula mita za mraba 360, karibu sehemu moja ya kumi ya shamba. Mto ukiwa na upana wa mita 15, zinaondoka mita za mraba 900, zaidi ya sehemu moja ya tano. Na mwenye ekari hiyo ana karo ya kulipa Januari, kama watu wengine.

Serikali ina uwezo wa kushtaki. Chama hakina, na hata kingekuwa nao kingeutumia kwa shida, maana unayemshtaki leo ndiye atakayekusaidia kuchimba kaburi msiba ukikufika kesho. Ndiyo sababu kazi yao kubwa ni mazungumzo, na mazungumzo bila kitu mkononi hayafiki mbali. Mkulima haambiwi auache ukingo ukae bure. Anaambiwa asiulime, bali apande nyasi za nepia akatie ng'ombe wake, au mianzi, au miti ya asili ambayo chini yake mizinga ya nyuki hukaa vizuri. Miche hutoka kwenye vitalu vya vikundi vya kijijini, vingi vikiwa vya akina mama, nao ndio wenye sababu ya kwanza ya kutaka chemchemi isikauke: wao ndio wanaobeba mitungi.

Mikalatusi ndiyo vita kali zaidi. Mti huu unakua haraka, unalipa, na mizizi yake hunywa maji mengi. Kumwambia mtu aung'oe kando ya mto wakati kiwanda kinangoja kuni ni kumwomba akate akiba yake ya benki.

Jambo moja huwashangaza wageni. Watafiti waliopima vijito vya Mau Kusini Magharibi katika miaka ya 2010 waliona kwamba tope jingi zaidi lilitoka kwenye eneo la mashamba madogo, si kwenye mashamba makubwa ya chai. Chai iliyoshonana hufunika udongo mwaka mzima. Viazi na mahindi huuacha wazi mvua inapoanza, na njia za ng'ombe huwa mifereji ya kuupeleka mtoni. Lakini msijifariji mno, enyi makampuni: sehemu ya chai hiyo imesimama palipokuwa msitu.

Msitu wenyewe una historia chungu. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 61,000 katika Mau, sehemu kubwa ikiwa Mau Mashariki, ikagawa ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1986, ulianzishwa mpango wa Nyayo wa kupanda ukanda wa chai mpakani mwa misitu ili watu wasizidi kuingia. Siku hizi kampuni za chai zenyewe zimo katika mipango ya kuuokoa msitu, kwa sababu zinajua kwamba mvua ya Kericho haitoki mbinguni peke yake.

Katika pwani ya Pasifiki ya Marekani vyama kama hivi huwa na samaki wa kumtetea, salmoni, anayetoka baharini kupanda mito akatage. Huku yupo ningu. Huishi Ziwa Viktoria, na mvua zikija hupanda mito kama Sondu-Miriu na Mara, akataga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito katika karne iliyopita zilimmaliza akiwa njiani, kabla hajataga. Leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Si lazima afike kwenye mashamba ya chai ili aumie. Tope la huko humfuata alipo.

Bomet ikiuchafua Mara, anayekunywa ni mwingine: mfugaji wa Narok, mwenye hoteli ya watalii, nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti, mvuvi wa karibu na Musoma. Naivasha walijaribu kulisawazisha jambo hili. Tangu 2010 hivi, wakulima wa maua walio karibu na ziwa, kupitia chama chao cha watumiaji wa maji, walianza kuwapa wakulima wa milimani waliotunza udongo kuponi za kununulia pembejeo dukani. Kule mlipaji alikuwa mmoja wa kumwonyesha kidole, mwenye shamba la maua. Kwenye Mara wanufaika wamesambaa katika nchi mbili, na mwenyekiti wa chama cha Nyangores hana pa kupeleka ankara.