Mtini unaozikwa ukiwa hai

Majani ya mwisho yakishapukutika, kati ya Novemba na Desemba, nyua za Brooklyn, New York, walikofanya makazi wahamiaji wa Kiitalia huanza kujaa vitu vya ajabu. Mitaa ya Bensonhurst na Carroll Gardens huwa na marundo yenye kimo cha mtu au zaidi, yamezongwa magunia, mablanketi na mazulia makuukuu, yakazungushiwa karatasi ya lami na kukazwa kwa kamba. Juu kabisa hufunikwa ndoo, mdomo ukiangalia chini, ili mvua na theluji visipenye. Ndani mna mtini mmoja, mzima, umelala.

Asili ya mti huu ni Asia Magharibi na pwani za Mediterania. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameujua vitabuni kuliko shambani: Sura ya 95 ya Qur'ani huanza kwa kiapo cha tini na zeituni, na Biblia inautaja tangu kurasa zake za mwanzo. Ndugu yake tunayemjua kwa macho ni mkuyu, unaojiotea kando ya mito yetu bila kuhitaji blanketi la mtu yeyote. New York ni habari nyingine.

Zaidi ya Waitalia milioni 4 waliingia Marekani kati ya 1880 na 1920, wengi wao kutoka kusini, Sicilia, Calabria na Campania, ambako mtini huota hata kwenye nyufa za ukuta. Kuusafirisha ni kazi nyepesi. Kijiti kilichokatwa mti ukiwa umelala huvumilia safari ndefu kikizungushiwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikichomekwa udongoni huota mizizi. Na kwa kuwa mitini mingi ya nyumbani huzaa bila kuchavushwa, yule nyigu mdogo anayehitajika na aina kama ya Smyrna hakuwa na haja ya kupanda meli.

Kazi ilianza baada ya kufika. Mtini uliolala, matawi yake yakiwa yamekomaa, hustahimili baridi ya takriban nyuzi 10 chini ya sifuri. Zaidi ya hapo matawi huanza kufa. Tarehe 7 Januari 2014 kipimo cha Central Park, New York, kilishuka hadi karibu nyuzi 16 chini ya sifuri, baridi inayotosha kuua tawi lililo wazi mpaka chini. Mizizi, iliyojifunika udongo, mara nyingi hupona na kutoa machipukizi mapya majira ya kuchipua.

Kwa nini basi watu wahangaike, ikiwa mti hufufuka wenyewe? Kwa sababu ya matunda. Mtini una misimu miwili ya kuzaa: tini za kwanza hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, za pili kwenye matawi ya mwaka huu. Mti uliokufa mpaka ardhini hupoteza zile za kwanza zote. Za pili nazo huchelewa, maana tawi lazima likue kwanza, na Oktoba inafika tini zikiwa bado kijani na ngumu. Hapo ndipo majina ya kibiashara kama Chicago Hardy yanapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Aina hiyo inasifika kwa kuhimili baridi, lakini sifa kubwa ni ya mizizi yake. Kwa baridi kali, matawi yake nayo hufa.

Penye majira makali zaidi, Toronto kwa mfano, kufunga magunia hakutoshi. Waitalia wa huko huuzika mti. Mizizi ya upande mmoja hukatwa kwa koleo, na upande wa pili huchimbwa mtaro wenye urefu wa mti wenyewe. Matawi hukusanywa kwa kamba, kisha mti husukumwa polepole, mizizi iliyobaki ikipinda kama bawaba, mpaka shina lilale mtaroni. Juu huwekwa mbao, majani makavu na turubai, halafu udongo. Hewani baridi inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini humo mtaroni joto huelea karibu na sifuri tu.

Wafaransa walifanya jambo hilohilo kwa ajili ya soko. Argenteuil, mji ulio karibu na Paris alikoishi mchoraji Claude Monet kati ya 1871 na 1878, ulisifika kwa tini zake nyeupe. Wakulima walipanda miti ikiwa imeinama tangu mwanzo, ili Novemba matawi yalazwe mitaroni bila kuvunjika. Karne mbili kabla yao, Jean-Baptiste de La Quintinie, mtunza bustani wa Mfalme Louis XIV pale Versailles, alikuwa na njia ya kitajiri zaidi: mitini ndani ya masanduku ya mbao, ikiingizwa ndani majira ya baridi na kutolewa baadaye.

Masanduku hayo leo yamekuwa ndoo na mapipa ndani ya gereji, na makosa mengi huanzia humo. Mwenye mti huudhania mgonjwa, akauweka sebuleni penye joto. Mti huamka Januari, ukatoa machipukizi marefu yaliyopauka kwa kukosa jua, nguvu ikaishia hapo. Unachotaka ni mahali penye baridi ya wastani, kati ya nyuzi 0 na 7, hata kama ni giza totoro, kwa kuwa hauna jani la kutafuta mwanga. Maji kidogo sana, udongo usikauke kabisa tu. Kwa mti uliofungwa nje, karatasi ya plastiki inayogusa matawi nayo ni adui: jua la Februari huichemsha, unyevu hukosa njia, ukungu huingia. Panya pia hupenda vitanda vya majani makavu, na hutafuna gome.

Wengi wa Brooklyn hufungua magunia karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Machi 19. Wazoefu huchagua siku ya mawingu na kuliacha gunia karibu, kwani barafu ya Aprili huua chipukizi laini haraka kuliko Januari ilivyoweza kuua tawi lililolala.

Ikifika Septemba na tini bado zimedinda, kuna ujanja wa kale uliotumika Argenteuil: tone la mafuta ya zeituni kwenye kitundu kilicho chini ya tunda. Mafuta huchochea tunda kutoa gesi ya ethilini, na tini huvimba na kulainika kabla ya wenzake mtini. Sharti ni kungoja mpaka kitundu kianze kubadilika rangi. Ikipakwa mapema, tini huanguka ikiwa haina utamu.