Kuongeza Chumba cha Mgahawa

Wilaya za Tarime na Serengeti zina migahawa mingi midogo. Iko katika mji wa Tarime. Iko Sirari, mpakani na Kenya. Iko Nyamongo, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Iko Mugumu, mji ambao wageni hupita wakienda Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Katika migahawa hiyo watu hula ugali, samaki, nyama na maharage. Wenye migahawa wengi ni akina mama.

Mgahawa ukipata wateja wengi, nafasi haitoshi. Saa ya chakula cha mchana watu hukosa viti na kwenda kwingine. Mwenye mgahawa huanza kuweka akiba. Mwezi huu hununua matofali. Mwezi ujao hununua mabati. Siku moja humwita fundi, na fundi husema, "Kesho tuchimbe msingi."

Ngoja kwanza, ndugu msomaji. Je, kibali cha ujenzi kipo?

Wengi hudhani kibali ni cha majumba makubwa tu. Sivyo. Katika eneo la mji, kuongeza chumba kimoja nako ni ujenzi. Kunahitaji kibali hata kama kiwanja ni chako. Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: kwa nini kibali kinatakiwa, jinsi ya kuandaa ramani, na jinsi ya kuomba.

Kibali ni nini?

Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya maandishi kutoka halmashauri. Kinaonyesha kwamba wataalamu wameikagua ramani yako na kuikubali. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inataka mtu apate ruhusa kabla ya kujenga katika eneo la mji. Neno la mdomo si kibali. Ahadi ya fundi si kibali. Hata leseni ya biashara si kibali cha ujenzi. Mtu akijenga bila kibali, halmashauri inaweza kumsimamisha, na inaweza kumwamuru abomoe.

Kwa nini kibali kinatakiwa?

Sababu ya kwanza ni barabara. Migahawa mingi iko kandokando ya barabara, kwa sababu wateja wako huko. Mwenye mgahawa huongeza kibaraza mbele, kisha hukizungushia ukuta. Lakini kila barabara ina hifadhi yake. Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007 na kanuni zake iliweka hifadhi ya mita 60 kwa barabara kuu na za mkoa, yaani mita 30 kila upande. Mita hizo hupimwa kutoka katikati ya barabara, si kutoka ukingo wa lami. Barabara ya kutoka Musoma kupitia Tarime hadi Sirari ni barabara kuu.

Bila shaka umewahi kuona nyumba iliyopigwa alama ya X kwa rangi. Mara nyingi nyumba hiyo imo ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi za eneo la Kimara, Dar es Salaam, zilibomolewa ili Barabara ya Morogoro ipanuliwe. Kuta zilizochukua miaka kujengwa zilianguka kwa siku moja. Mtu anayejenga leo ndani ya hifadhi asitegemee fidia.

Sababu ya pili ni uimara. Msingi mpya hushuka kidogo baada ya kujengwa. Msingi wa zamani ulikwisha kushuka siku nyingi. Kuta mbili zikiunganishwa bila ujuzi, ufa hutokea pale zinapokutana. Mahali paa jipya linapokutana na la zamani, maji ya mvua huingia. Fundi akiongeza uzito juu ya kuta zisizoweza kuubeba, hatari huwa kubwa zaidi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Jengo hilo lilikuwa limeongezwa ghorofa kuliko zile zilizoruhusiwa. Mgahawa wako hauna ghorofa, lakini ukuta wa chumba kimoja nao unaweza kuua.

Sababu ya tatu ni afya. Wateja wakiongezeka, maji machafu huongezeka na choo hutumiwa zaidi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa huu huenea kwa maji na chakula chenye uchafu wa choo. Kwa hiyo Bwana Afya atauliza: Choo kiko wapi? Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda wapi? Wateja watanawa mikono wapi?

Sababu ya nne ni moto. Jiko la mgahawa huwaka kutwa. Chumba kikiwa na mlango mmoja tu, na mlango huo uko karibu na jiko, watu watatokea wapi moto ukizuka?

Kuandaa ramani

Ramani ni picha ya jengo lako kabla halijajengwa. Mtafute mtaalamu wa kuchora, lakini wewe pia ujue kuisoma. Fedha ni yako.

Ramani huchorwa kwa kipimo. Tuseme kipimo ni 1 kwa 100. Maana yake, sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 kwenye ardhi. Kiwanja chenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 20 kitakuwa sentimita 15 kwa 20. Kitaenea katika karatasi ya kawaida ya kuandikia barua.

Sasa tufanye mfano. Mgahawa wako una upana wa mita 6 na urefu wa mita 8. Uko mita 5 kutoka mpaka wa mbele, na mita 2 kutoka mpaka wa kushoto. Jiko liko nyuma, upande wa kulia. Dirisha lake linatazama kulia. Choo na shimo la maji machafu viko nyuma ya jengo. Unataka kuongeza chumba cha kulia chakula cha mita 4 kwa 6. Utakiweka wapi?

Tujaribu nyuma. Urefu wa kiwanja ni mita 20. Toa mita 5 za mbele, toa mita 8 za jengo. Zinabaki mita 7. Chumba kipya kikichukua mita 4, zitabaki mita 3 tu kwa choo, shimo na njia. Wateja watakula karibu kabisa na choo. Hapafai.

Tujaribu upande wa kulia. Upana wa kiwanja ni mita 15. Toa mita 2 za kushoto, toa mita 6 za jengo. Zinabaki mita 7. Chumba kikichukua mita 4, zitabaki mita 3 hadi mpaka wa jirani. Njia ya kupita itabaki. Urefu wa chumba ni mita 6, na jengo lina mita 8. Chumba kikianzia mbele, mita 2 za nyuma zitabaki wazi. Dirisha la jiko likiwa katika mita hizo 2, moshi utaendelea kutoka. Lakini ukijenga mita 8 zote, utaliziba dirisha, na mpishi atapika ndani ya moshi.

Tazama jinsi kalamu na rula zilivyotusaidia. Kosa la kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio. Kosa la kwenye ukuta hufutwa kwa nyundo.

Ramani ionyeshe pia milango na madirisha, kina cha msingi, unene wa kuta, mteremko wa paa na mahali maji ya mvua yatakapokwenda. Yasielekezwe kwa jirani.

Hatua za kuomba kibali

1. Jua ofisi yako. Ukiwa Tarime mjini, nenda Halmashauri ya Mji wa Tarime. Ukiwa Sirari au Nyamongo, ofisi yako ni Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, ambayo makao yake ni Nyamwaga. Ukiwa Mugumu, nenda Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti. Ukiwa kijijini, anza kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Muulize kama eneo lako limekwisha kuingizwa katika mipango ya mji. Vituo vingi vya biashara vinakua haraka, na mipaka hubadilika.

2. Hakikisha haki yako ya ardhi. Tafuta hati ya kiwanja au karatasi nyingine ya umiliki. Tazama jina lililoandikwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Kama umepanga, usijenge kabla mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi. Mwandikiane chumba kitakuwa cha nani siku utakapohama. Wapangaji wengi wamejenga kwa jasho lao, kisha wakaongezewa kodi kwa chumba walichokijenga wenyewe.

3. Tafuta bikoni za kiwanja, ujue mpaka wako. Kama uko kando ya barabara kuu au ya mkoa, waulize TANROADS hifadhi inaishia wapi. Kwa barabara za mitaa na za vijijini, waulize TARURA.

4. Mwone Afisa Mipango Miji kabla ya kulipia ramani. Mweleze unachotaka kujenga. Muulize unatakiwa kuleta karatasi gani, nakala ngapi, na ada ni kiasi gani. Andika majibu katika daftari lako.

5. Peleka maombi pamoja na ramani. Siku hizi halmashauri hutumia mifumo ya kompyuta kupokea maombi. Kama huna ujuzi wa kompyuta, omba msaada ofisini. Hakikisha jina na namba ya kiwanja vimeandikwa sawasawa.

6. Lipa ada kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akisema ataharakisha kazi. Weka stakabadhi mahali salama.

7. Wapokee wakaguzi. Mpango miji, mhandisi na Bwana Afya wanaweza kuja kuona kiwanja. Nawe uwepo. Wajibu wanayouliza, nawe uliza usiyoyaelewa.

Kama ramani itarudishwa

Ramani kurudishwa si mwisho wa safari. Omba uandikiwe sababu. Pengine Bwana Afya anataka choo kiwe mbali zaidi, au mhandisi anataka msingi uwe wa kina zaidi. Rekebisha, kisha peleka tena. Ukiona hukutendewa haki, mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri. Diwani wa kata yako pia anaweza kukusaidia kufuatilia.

Ni kweli kwamba safari za ofisini huchosha. Nauli hutoka, na siku ya kazi hupotea. Lakini piga hesabu. Andika bei ya matofali, saruji, mabati, mbao na ufundi. Jumlisha. Kisha andika ada ya kibali, gharama ya ramani na nauli. Linganisha hesabu hizo mbili. Ya pili ndiyo kinga ya ile ya kwanza.

Wakati wa kujenga

Usianze kuchimba kabla ya kupata kibali mkononi. Soma muda wake, ujue lini kitakwisha. Weka nakala mahali pa kazi. Fundi ajenge kama ramani inavyosema. Akitaka kubadilisha kitu kikubwa, rudini ofisini kwanza. Mwite mkaguzi auone msingi kabla haujafukiwa, kwa kuwa ukishafukiwa hakuna atakayejua kilichomo.

Yakumbuke haya

Kiwanja kuwa chako hakuondoi haja ya kibali.
Pima kutoka katikati ya barabara.
Usizibe dirisha la jiko wala njia ya kutokea.
Malipo yote yawe na stakabadhi.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Je, katika kijiji au mji wenu kuna jengo lililopigwa alama ya X? Mwenyewe angefanya nini kabla ya kujenga?
2. Chora mgahawa mnaoujua kwa kipimo cha 1 kwa 100. Chumba kipya kingefaa kukaa upande gani? Kwa nini?
3. Kiwanja kina mita 15 kwa 20. Jengo la zamani lina mita 6 kwa 8, na chumba kipya mita 4 kwa 6. Mita ngapi za mraba zitabaki bila kujengwa? (Jibu: 300 kutoa 48 kutoa 24 ni 228.)
4. Mpangaji na mwenye nyumba waandikiane nini kabla ya kuongeza chumba? Andikeni mkataba mfupi pamoja.