Je, Wajua? Masega ya RX-8 Huuawa na Koili

Mazda RX-8 ilianza kuuzwa mwaka 2003, na injini yake ya lita 1.3 haina pistoni: ndani huzunguka rota mbili za pembetatu. Masega ya ekzosi yake, yaani kauri yenye vitundu iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kusafisha moshi, yakiziba, wenye gari wengi hukimbilia kununua mapya. Hapo ndipo fedha hupotea. Mara nyingi mkosaji ni koili ya plagi iliyochoka.

Koili ikidhoofika, cheche ya plagi hupungua nguvu, na petroli isiyoungua hupita hadi kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega. Kauri huyeyuka, vitundu huziba, na moshi hukosa njia. Joto hurudi kwenye injini na kuharibu sili za rota. Injini nzima kufa kwa sababu ya koili zake nne, kwa kweli inauma!

Gari likikosa nguvu mizunguko inapopanda, usisubiri. Fundi makini hufungua sensa ya oksijeni ya mbele, hufunga geji ya presha kwenye tundu lake, kisha husoma moshi umebanwa kiasi gani. Koili na plagi zibadilishwe kabla ya masega mapya kufungwa.

Kung'oa masega na kuacha bomba tupu? Marekani sheria inakataza. California huenda mbali zaidi: masega ya kubadilishia, yasipokuwa ya kiwandani, lazima yawe na namba ya idhini ya jimbo.