Woga wa Mtoto Nao Hupimwa

Mtoto akiwa na homa, mama humgusa paji la uso na kusema, "Ana moto." Lakini mganga hatosheki na mkono. Hutwaa kipimo, husoma namba, huandika. Kesho hupima tena, apate kujua kama dawa imesaidia. Je, woga wa moyoni nao unaweza kupimwa hivyo? Ndiyo. Kipimo chake ni maulizo.

Leo tunasema habari za woga wa kuwa mbele ya watu. Haya ni kitu chema kwa mtoto. Lakini wako watoto ambao woga wao umepita haya, umekuwa ugonjwa. Mtoto akiitwa kusoma mbele ya darasa, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, sauti inakwama. Jibu analijua, lakini ananyamaza. Asubuhi anasema, "Tumbo linaniuma." Mwisho anaacha masomo kabisa. Baba anasema, "Ni mvivu." Si mvivu, baba. Anaogopa.

Waganga wanaulizaje? Kiko kipimo cha watoto na vijana kiitwacho kipimo cha Liebowitz. Kinataja mambo 24: kula mbele ya watu, kuandika ubaoni, kusoma kwa sauti, kuingia darasani wenzake wamekwisha kukaa, na mengine. Kwa kila jambo mganga anauliza mara mbili. Kwanza: unaogopa kadiri gani? Pili: unalikimbia mara ngapi? Kila jibu lina namba, tangu 0 mpaka 3. Namba zote zikijumlishwa haziwezi kupita 144.

Kwa nini kuuliza mara mbili? Kwa sababu mtoto mmoja anatetemeka lakini anakwenda. Mwingine anasema haogopi, kumbe kila mara anajificha. Hawa wawili hawafanani.

Kipimo kingine kiitwacho SCARED kilitolewa Marekani mwaka 1997, kwa wenye miaka 8 mpaka 18. Kina maneno 41 juu ya woga wa namna nyingi, na 7 kati yake ni juu ya woga wa watu. Mtoto anajibu karatasi yake, na mzazi anajibu yake. Mara nyingi majibu hayapatani. Mzazi, usikasirike. Wewe unaona matendo. Mtoto anajua yaliyo moyoni mwake.

Labda mtauliza, "Kwetu mtoto huinamisha macho mbele ya wakubwa. Je, huyu ni mgonjwa?" Hapana, hiyo ni heshima. Kitabu cha waganga wa akili wa Marekani cha mwaka 2013 kinasema kwamba woga huu lazima uonekane kati ya mtoto na wenzake pia, si mbele ya wakubwa tu. Tena kwa kawaida huendelea miezi 6 au zaidi. Basi mwangalieni mtoto wenu kisimani, kwenye mpira, na katika kwaya ya watoto. Akicheza na kucheka na wenzake, msihangaike.

Lakini jihadharini: namba si hukumu. Vipimo hivi vilitungwa mbali. Maneno yake yafasiriwe vizuri na kujaribiwa kwa watoto wetu, kabla ya kusema kwamba namba fulani ni ugonjwa. Namba inamwambia mganga tu: kaa na mtoto huyu, msikilize.

Nyumbani fanyeni hivi:

1. Mwulize mtoto peke yake, kwa upole. Usimwulize mbele ya wageni.

2. Usimcheke, usimpige, wala usimsukume mbele ya umati.

3. Mpandishe hatua kwa hatua. Asome mbele ya mama, halafu mbele ya rafiki wawili, halafu watano.

4. Katika kila hatua mwulize: woga wako ni 0, 1, 2 au 3? Andika. Namba ikishuka, pandeni hatua nyingine. Isiposhuka, rudieni hatua ile ile bila haraka.

Akiwa ameacha shule, au amekimbia wenzake kwa miezi mingi, mleteni hospitali. Akisema afadhali afe, mleteni siku ile ile.

Mtoto mwenye homa hulia, nasi twaamka usiku. Mtoto mwenye woga huu hunyamaza, nasi twamsifu kwa utulivu wake. Basi, wazazi, msingoje alie. Mwulizeni.