Swindon: Mji wa Mafundi wa Reli

Leo twende pamoja mpaka Swindon, mji wa nchi ya Uingereza. Mtu akipanda gari la moshi London na kuelekea magharibi, hufika Swindon baada ya kilomita 125 hivi.

Zamani palikuwa na mji mdogo tu wa soko juu ya kilima. Mwaka 1840 kampuni ya reli ya Great Western ilikata shauri kujenga karakana bondeni. Kwa nini hapo? Kwa sababu reli mbili zilikutana hapo. Tena, upande wa London njia ni tambarare, lakini upande wa Bristol ina miteremko mikali, kwa hiyo ilifaa kubadilisha injini. Karakana ilifunguliwa mwaka 1843. Baadaye watu zaidi ya 14,000 walifanya kazi humo.

Kampuni ilijenga nyumba za mawe zipatazo 300 kwa wafanyakazi. Ukienda leo utaziona, na watu wangali wakikaa humo. Soma vibao vya barabara: Bristol, Exeter, Oxford. Hayo ni majina ya miji ya Uingereza.

Sasa sikilizeni vizuri. Kazi ya chuma na moto ina hatari; watu waliumia na kuugua. Mwaka 1847 ulianzishwa mfuko wa matibabu. Kila mfanyakazi alikatwa fedha kidogo katika mshahara wake, na fedha hizo zililipia daktari na dawa. Baadaye mfuko ukapata na hospitali. Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa matibabu kwa taifa zima mwaka 1948, yaani miaka 101 baadaye.

Tena walikuwa na chama cha elimu tangu mwaka 1844, chenye maktaba na masomo ya jioni. Mfanyakazi mmoja, Alfred Williams, aliacha shule angali mtoto. Mchana alifua chuma kwa nyundo ya mvuke; baada ya kazi alijifundisha Kilatini na Kiyunani. Mwaka 1915 kilitoka kitabu chake juu ya maisha ya karakana ile. Basi asikuambie mtu kwamba elimu ni ya watoto peke yao.

Karakana ilifungwa mwaka 1986. Tangu mwaka 2000 sehemu yake moja ni nyumba ya makumbusho iitwayo STEAM, maana yake Mvuke. Humo mna injini za zamani, vyombo vya kazi, na sanamu za mafundi wakiwa kazini.

Maswali. Andikeni majibu katika daftari zenu:

1. Kwa nini karakana ilijengwa Swindon?
2. Mfuko wa matibabu ulipata wapi fedha?
3. Ninyi wenyewe mkichanga kidogo kidogo, mngeanza na jambo gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.