Mauzo Hayatakasi Tusi
Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2006, kampuni ya Sony ilibandika nchini Uholanzi mabango ya PSP nyeupe, mashine ya michezo ya video. Mwanamke Mzungu alionyeshwa amemkaba taya mwanamke Mweusi, na maandishi yakatangaza kuwa nyeupe inakuja. Neno lilihusu mashine. Picha ikalihamishia kwa binadamu. Sony ilijitetea kwanza, kisha ikayaondoa na kuomba radhi.

Je, biashara ikinoga, tangazo huhalalika? La hasha! PSP zaidi ya milioni 70 ziliuzwa duniani, nyingi mno mahali ambapo bango hilo halikubandikwa kamwe. Walionunua walipenda mashine, si dharau. Mwalimu, wafunze wanafunzi wako kuuliza: tangazo hili linamdhalilisha nani?